Kabla ya kuuliza "Hii ni kweli?"

Ugonjwa mpya unapozuka, swali ninalotumiwa kuliko mengine yote ni fupi: "Hii ni kweli?" Linakuja limebandikwa chini ya ujumbe uliofowadiwa, au chini ya klipu ya mtu aliyevaa koti jeupe, au chini ya sauti iliyorekodiwa ambayo msemaji wake hajitaji jina. Wanaonitumia ni watu wazima. Wamelea watoto, wamesimamia ofisi, wamesaini mikataba, wamezika wazazi wao. Katika mambo ya kawaida ya maisha si rahisi kuwalaghai. Lakini mbele ya ujumbe unaodai kwamba tiba imepatikana na wakubwa wanaificha, mtu huyohuyo hubaki hajui ashike lipi.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba kinachowakwamisha si upungufu wa akili wala wa elimu. Ni swali lenyewe. "Hii ni kweli?" linamtaka msomaji aukodolee macho ujumbe mpaka ukweli au uongo wake ujitokeze wenyewe, na ujumbe wa kitabibu haujitokezi hivyo. Mtu ambaye hakusomea virusi hawezi kujua, kwa kusoma aya tatu, kama dawa fulani huzuia virusi visizaliane. Mimi siwezi. Daktari wa mifupa naye hawezi. Linalowezekana kwa yeyote mwenye simu ni kuuliza jambo jingine kabisa: nani anasema haya, na amejuaje?

Tarehe 15 Februari 2020, mkutanoni Munich, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alionya kwamba ulimwengu haupambani na mlipuko wa ugonjwa peke yake, bali pia na mlipuko wa taarifa ambao husambaa haraka kuliko virusi. Ilikuwa bado karibu mwezi mzima kabla shirika hilo halijaielezea COVID-19 kuwa janga la dunia. Wiki chache baadaye, nchini Iran, mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli baada ya uvumi kuenea kwamba pombe huua virusi vya korona mwilini. Methanoli ni pombe ya viwandani. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na kuua. Miaka sita nyuma, Ebola ilipoingia Nigeria mwaka 2014, ujumbe uliozunguka kwenye simu uliwahimiza watu wanywe maji ya chumvi na kuyaogea. Watu wasiopungua wawili walikufa kwa chumvi. Ebola yenyewe haikuwagusa.

Nayataja haya mapema kwa sababu wako wanaoona suala hili ni la wasomi kubishana. Si hivyo. Taarifa wakati wa mlipuko huingia mwilini kama dawa au kama sumu, na anayeipokea mara nyingi hana muda wala mtu wa kumuuliza.

Mkono unaofikisha ujumbe

Tumezoea kudhani uongo husambazwa na waongo. Wanaoutunga kwa makusudi wapo, wa siasa na wa biashara, nao wana faida zao. Lakini mkono unaoufikisha kwenye simu yako ni wa shangazi, wa kaka, wa mwenzako wa kazini. Na shangazi ana hoja: "Mwanangu, nimetuma kwa kuwa nawajali. Kama si kweli hakuna tulichopoteza, kama ni kweli tumepona."

Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana imetoka mahali pazuri. Kasoro yake ni kudhani kwamba ujumbe wa uongo hauna gharama. Unayo. Anayekunywa kitu akiamini kimemkinga atamkaribia mgonjwa bila tahadhari. Anayeamini ameshajipima mwenyewe nyumbani atachelewa kwenda hospitali. Mnamo Machi 2020 ulizunguka ujumbe, ukihusishwa na Chuo Kikuu cha Stanford, uliosema kwamba ukiweza kubana pumzi kwa sekunde 10 bila kukohoa basi huna maambukizi. Chuo kilikanusha. Watu wengi wenye virusi, hasa vijana, wanaweza kubana pumzi kwa muda huo bila taabu yoyote. Fikiria ni nani aliyepita kipimo hicho cha uongo kisha akaenda kumtembelea bibi yake.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Mwaka 1977 wanasaikolojia Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walionyesha kwamba kauli ikirudiwa, watu huanza kuiona ya kweli zaidi, iwe kweli au si kweli. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba hata mtu mwenye ujuzi sahihi juu ya jambo hilo hayuko salama kabisa. Kwa hiyo kundi la familia linalopokea kauli ileile kutoka kwa watu watano tofauti halipokei ushahidi wa aina tano. Mara nyingi chanzo ni kimoja, kimepita njia tano, na ubongo unayahesabu mazoea kama uthibitisho.

Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na za kweli zilichukua muda mrefu karibu mara sita kuwafikia watu 1,500. Walipoondoa akaunti zinazoendeshwa na programu, tofauti ilibaki palepale. Ni watu walioufanya uongo ukimbie. Uongo ulikuwa mpya zaidi, wa kushangaza zaidi. Na hapo ndipo mlipuko wa ugonjwa unapokuwa shamba lenye rutuba: kila kitu ni kipya, kila mtu anaogopa, na anayeleta la kushangaza anaonekana amewahi kuliko wengine.

Kuhusu umri, kuna takwimu inayotumiwa kuwasema wazee nami naomba isomwe kwa utulivu. Andrew Guess, Jonathan Nagler na Joshua Tucker walichunguza watumiaji wa Facebook nchini Marekani wakati wa uchaguzi wa 2016. Waliozidi miaka 65 walisambaza makala za tovuti za habari bandia karibu mara saba ya vijana wa rika la chini kabisa katika utafiti huo, na tofauti haikufutika hata elimu na itikadi zilipozingatiwa. Lakini matokeo yale yale yanasema pia kwamba zaidi ya watu tisini katika mia, wa rika zote, hawakusambaza hata makala moja ya aina hiyo. Tatizo liko kwa wachache wanaosambaza sana.

Kwa nini umri uwe na uzito kuliko elimu? Maelezo yangu ni haya. Waliokua kabla ya intaneti walikua katika dunia ambayo maandishi yaliyopangwa vizuri yalikuwa yamepita kwa mhariri, na sauti ya redioni ilikuwa imepita kwa mtayarishaji. Muonekano ulikuwa dalili halali ya kazi iliyofanyika nyuma yake. Walijifunza kusoma dalili hizo, na walijifunza vizuri. Leo nembo hunakiliwa kwa kubonyeza mara moja, na sauti ya daktari inaweza kutengenezwa na mashine. Ujuzi wao haukuwa ujinga. Dunia iliyouzaa ndiyo imebadilika. Anayemfundisha mtu wa miaka 65 namna ya kusoma mitandao aanze kwa kutambua hilo, la sivyo atakuwa anamkaripia mtu kwa kukosa somo ambalo halikuwepo.

Kutoka nje ya ukurasa

Sasa niseme kuhusu ujuzi ambao naona una thamani kuliko mwingine wowote, na ambao mtu mzima anaweza kuujifunza kwa mchana mmoja.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwakalisha watu wa aina tatu mbele ya kompyuta: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa habari wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara. Moja ya majaribio lilihusu afya ya watoto. Walionyeshwa kurasa za mashirika mawili yenye majina yanayofanana mno, American Academy of Pediatrics na American College of Pediatricians, kisha wakatakiwa waseme lipi ni la kuaminika zaidi. La kwanza ni chama kikubwa cha madaktari wa watoto, kilichoanzishwa mwaka 1930, chenye wanachama makumi ya maelfu na jarida la kitaaluma linaloheshimika. La pili ni kundi dogo lililojitenga mwaka 2002 kwa misimamo yake ya kijamii.

Wanafunzi wengi na baadhi ya wanahistoria walidanganyika. Walifanya walichofundishwa maisha yao yote: walisoma kwa makini. Waliteremka ukurasa kutoka juu hadi chini, wakaangalia lugha, mpangilio, orodha ya marejeo, anwani inayoishia kwa herufi fulani. Na kila walichokiangalia kilikuwa kimeandaliwa na mwenye ukurasa ili waone anachotaka waone. Wahakiki walifanya kinyume. Walikaa kwenye ukurasa sekunde chache tu, wakaondoka. Walifungua dirisha jingine wakatafuta: watu hawa ni nani, wengine wanasema nini juu yao, fedha zao zinatoka wapi? Baada ya dakika chache walikuwa na jibu, na hawakuwa wamesoma hata nusu ya kilichoandikwa.

Jambo hili hunisisimua kila ninapolifikiria, kwa sababu linageuza kichwa chini ushauri tuliopewa tangu shuleni. Tuliambiwa tusome kwa umakini zaidi. Mitandaoni, umakini uliowekwa mahali pasipostahili ndio mtego. Anayetazama klipu ya dakika arobaini ya mtu asiyemjua, akijiambia kwamba anafanya utafiti, amempa mtu huyo dakika arobaini za kumshawishi. Dakika mbili za kumtafuta yeye ni nani zingemfaa zaidi.

Kwa Kiswahili tunaambiana: akili za kuambiwa, changanya na zako. Ni usemi mzuri na mimi nautumia. Ila wakati wa ugonjwa usiojulikana, za kwako juu ya ugonjwa huo zinaweza kuwa hazipo kabisa, na kilichopo kichwani ni hofu. Ukichanganya ya kuambiwa na hofu unapata hofu nyingi zaidi. Za kwako zinazofaa hapo ni zile unazozijua tayari kutokana na maisha: jinsi ya kumpima mtu, jinsi ya kujua anayezungumza jambo alilolishuhudia na anayezungumza la kusikia, jinsi ya kuuliza anafaidika nini. Watu wazima wanazo hizi kuliko vijana. Hawajaambiwa tu kwamba ndizo zinazohitajika mbele ya simu.

Kwa ujumbe wa WhatsApp usio na ukurasa wowote, kutoka nje kunamaanisha kunakili sentensi moja ya ajabu na kuitafuta, kuona kama hospitali inayotajwa imesema lolote kwenye tovuti yake yenyewe, kuitafuta picha ilikotokea mara ya kwanza. Picha nyingi za maiti na foleni zinazozunguka wakati wa milipuko ni za kweli, lakini ni za mwaka mwingine na nchi nyingine. Mishale miwili inayoonekana juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana kwamba umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Haisemi kwamba ni uongo. Inasema kwamba aliyekutumia si aliyeuandika, kwa hiyo uaminifu wake kwako haukusaidii chochote katika kuupima. Aprili 2020 kampuni hiyo ilipunguza ujumbe wa namna hiyo uweze kupelekwa kwenye kundi au mtu mmoja tu kwa wakati, na baadaye ikasema usambazaji wake umeshuka kwa asilimia 70. Kilichofanyika hapo ni kuongeza usumbufu mdogo tu, mtu abonyeze mara kadhaa badala ya moja. Hakuna aliyefundishwa kitu.

Wagonjwa sita wasiohesabiwa

Nusu ya pili ya swali, amejuaje, ndiyo ngumu, na ninataka kuikalia kwa mfano mmoja mpaka ueleweke.

Mnamo Machi 2020 timu ya daktari Didier Raoult mjini Marseille, Ufaransa, ilichapisha utafiti uliodai kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, hasa ikiambatana na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huondoa virusi vya korona haraka. Siku hazikupita, rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, akausifia mseto huo kwenye Twitter. Dawa iliadimika, wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wanaoitegemea wakahangaika kuipata, na kwenye mitandao ya kijamii ukaanza ugomvi ambao haujaisha hadi leo.

Ukiuliza "hii ni kweli?" unapata kambi mbili zikitukanana. Ukiuliza "wamejuaje?" unafungua utafiti wenyewe, na mambo yanajitokeza ambayo hayahitaji shahada ya udaktari. Waliochambuliwa walikuwa 36. Waliopewa dawa walianza wakiwa 26, lakini waliohesabiwa mwishoni walikuwa 20. Sita walikwenda wapi? Watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mmoja alikufa. Mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu, na mmoja aliondoka hospitalini. Kilichopimwa kilikuwa kama virusi bado vinaonekana kwenye pua siku ya 6, na wale waliozidiwa hawakuingia kwenye hesabu. Wasiopewa dawa nao hawakuteuliwa kwa bahati nasibu. Baadhi walikuwa kwenye vituo vingine au walikuwa wameikataa dawa.

Mtu yeyote aliyewahi kusimamia mahesabu ya chama au ya kanisa au ya msikiti anaelewa kilichotokea hapo. Umeonyeshwa orodha ya waliolipa, na wasiolipa wamefutwa daftarini.

Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, lililowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, lilitoa majibu yake. Katika wagonjwa zaidi ya 4,600 wa hospitalini, haidroksiklorokwini haikupunguza vifo. Mwezi huohuo jaribio hilohilo lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Hii ya pili naikumbusha kila ninapoambiwa kwamba dawa rahisi huzikwa kwa makusudi ili ghali ziuzwe. Ilikuwa rahisi, haikuzikwa, na ilianza kutumika mara moja. Utafiti wa Marseille uliondolewa rasmi na jarida lililouchapisha mnamo Desemba 2024.

Haki inanitaka niseme upande wa pili pia. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai, kwa takwimu za wagonjwa wapatao 96,000 zilizotolewa na kampuni ya Surgisphere, kwamba haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Lakini wanasayansi waliuliza swali lilelile, takwimu hizi mmezipataje, na kampuni ikashindwa kuziweka wazi zikaguliwe. Juni 4 utafiti ukaondolewa. Wapinzani wa dawa hiyo waliokuwa wameusambaza kwa furaha walikuwa wamefanya kosa lile lile la mashabiki wake: walipima matokeo kwa jinsi yalivyowapendeza. Jarida kubwa halikingi. Kinachokinga ni kwamba swali la "mmejuaje" liliruhusiwa kuulizwa, na lilipokosa jibu, utafiti uliondolewa ndani ya wiki mbili. Kundi la Telegram linalouza tiba za siri halina utaratibu wa kuondoa chochote.

Ushauri uliogeuka

Hapa ndipo imani ya wengi ilipovunjika, na sipendi jinsi wataalamu wanavyopita juu juu. Februari 29, 2020, Mkuu wa Afya ya Umma wa Marekani aliandika kwenye Twitter akiwataka watu waache kununua barakoa, akisema hazisaidii umma kujikinga. Mwezi Machi, Shirika la Afya Duniani liliandika kwa herufi kubwa kwamba ugonjwa huo hauenei kwa hewa. Juni 5 shirika hilo likashauri barakoa za kitambaa kwa umma mahali penye maambukizi na pasipo na nafasi ya kukaa mbalimbali. Baadaye, uenezaji kwa hewa nao ukakubaliwa.

Msomaji aliyeona hayo yote akiuliza "basi mlisema uongo lini, mwanzo au sasa?" ana haki ya kujibiwa. Jibu langu ni kwamba kubadilika si kosa. Kosa lilikuwa uhakika. Kauli ya Machi ingesema "hatujapata ushahidi wa kutosha, tunaendelea kuchunguza," isingemsaliti mtu. Kwa msomaji, hili ni kipimo kizuri: taarifa ya kuaminika wakati wa mlipuko huja na tarehe na mipaka yake. Inasema tunajua hili, hatujui lile, na litakalobadilisha mawazo yetu ni hili. Isiyo na tarehe, isiyo na mipaka, yenye uhakika wa asilimia mia katika wiki ya pili ya ugonjwa, ichunguzwe mara mbili, hata ikitoka kwa wakubwa.

Vivyo hivyo hesabu. Wakati wa chanjo zilisambaa picha zenye sentensi moja: wengi wa waliolazwa wamechanjwa. Mara nyingine ilikuwa kweli kabisa, na ilitumiwa kupotosha. Tuseme mji una watu 10,000, na 9,000 wamechanjwa. Kati ya waliochanjwa wanalazwa 18. Kati ya 1,000 wasiochanjwa wanalazwa 10. Waliochanjwa ni karibu thuluthi mbili ya waliolazwa. Lakini hatari yao ni mmoja katika 500, na ya wasiochanjwa ni mmoja katika 100, mara tano zaidi. Ukipewa namba, uliza imetoka katika jumla ya wangapi. Nimeona swali hilo likituliza kundi zima la watu waliokuwa wakibishana tangu asubuhi.

Wanaokataa kuamini chochote

Kuna somo baya linalotolewa kwa jina la umakini: usimwamini mtu. Nalipinga. Asiyeamini yeyote haponi uongo. Hubaki na anayempendeza. Wanaotengeneza upotoshaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao hawajihangaishi kukuthibitishia dai lao. Wanataka tu uchoke, uone kwamba kila mtu anadanganya.

Lakini wasioamini hawakuzuka bure. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kumtafuta Osama bin Laden mjini Abbottabad, na baada ya hapo wachanjaji wa polio nchini Pakistan walishambuliwa na kuuawa. Mtu anayetaja mambo haya akikataa chanjo hajasoma upuuzi. Ametaja historia ya kweli, na kumcheka ni kumpa ushahidi zaidi. Ninachomwomba ni atazame jinsi tulivyoijua Tuskegee: mtumishi wa idara hiyohiyo alitoa taarifa, waandishi wa habari wakathibitisha nyaraka, majina na tarehe vikawekwa hadharani. Njia ile iliyofichua uovu huo ndiyo ninayodai itumike kwa kila dai jipya la njama. Nyaraka ziko wapi? Nani alikuwepo?

Limebaki suala la kumrekebisha mtu wako, na hili ni gumu kuliko takwimu. Leticia Bode na Emily Vraga wameonyesha katika tafiti zao kwamba marekebisho yakitolewa hadharani huwasaidia hata wanaotazama tu bila kusema kitu. Kwa hiyo kunyamaza kundini ili kulinda amani kuna hasara. Lakini kumsahihisha mkubwa mbele ya watoto wake ni kumvunjia heshima, na aliyevunjiwa heshima hulilinda kosa lake. Njia iliyonifaa ni kuanza faraghani, kwa simu kama inawezekana, na kumwachia yeye kuliambia kundi. "Shangazi, shikamoo. Ule ujumbe wa dawa nimeufuatilia. Hospitali inayotajwa imekanusha, na huyo daktari sijamwona popote. Naomba uwaandikie watu wa nyumbani, maana wewe wanakusikiliza." Akikubali, yeye ndiye anayekuwa mwenye kujali kwa mara ya pili, na kundi limesahihishwa hadharani. Akikataa, naandika mwenyewe, bila kumtaja, nikieleza dai linasema nini, limetoka wapi, na kwa nini halisimami. Na ninaweka tarehe, kwa sababu mwezi ujao tunaweza kuwa tunajua zaidi.